Gari inamisi leo, kesho imepona: namna ya kuikamata kabla hujamaliza mshahara kwenye spea

"Inamisi saa ngapi?"

Hilo ndo swali la kwanza alilonipiga mzee mmoja fundi pale Gerezani siku nilipompelekea Corolla 110 yangu inayomisi, yani injini inarukaruka kwa sababu kuna silinda inakosa moto, na mi kwa ujuaji nikamjibu "mzee, haina saa, ikijisikia tu inamisi". Akanirudishia ufunguo. Akasema nenda kijana, ukishaijua saa yake urudi. Niliondoka nimenuna kweli, maana kwa wakati huo nilikuwa nimeshabadilisha plagi zote nne, nimesafishisha nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini, nimenunua pampu ya mafuta yuzdi, na gari bado asubuhi inakohoa kama mvuta kiko. Ilinichukua wiki mbili kuelewa mzee alikuwa ananifundisha kazi nzima kwa maneno matatu.

Misi ya moja kwa moja ni rahisi, silinda imekufa, unaitafuta unaipata. Kazi ipo kwa hii inayokuja na kuondoka, kwa sababu ukifika gereji gari inatulia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, fundi anapiga resi mara tatu anakwambia mbona iko poa, au anaanza kubahatisha, badili hiki badili kile, na kila kinachobadilishwa kinalipiwa na wewe. Kwa hiyo kabla ya spana yoyote tafuta daftari. Au andika kwenye simu, sawasawa tu. Kila ikimisi andika: injini ilikuwa baridi au ya moto, mvua ilikuwepo, ulikuwa umesimama au unapanda mlima, AC ilikuwa inawaka, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tenki, na jana yake kulifanyika nini kwenye gari. Hiyo ya mwisho watu hawaiandiki na ndo inawaumiza, ntaieleza.

Naongelea gari za umri wa hiyo yangu, yani injini kama 4A na 5A za Toyota ambazo bado zina distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, na waya nne za plagi zinazopita juu ya tapeti kava, yani kifuniko cha juu cha injini. Ukiwa na gari ya koili (kile kinachokuza umeme wa cheche) moja moja juu ya kila plagi kama Premio yenye 1ZZ au Vitz, mantiki ni ileile ila we una bahati zaidi, kuna sehemu ntakutajia.

Sasa saa za kumisi. Ikimisi asubuhi yenye unyevu au siku ya mvua, alafu ikishapata moto inaacha, macho yote yaende kwenye waya za plagi na kepu ya distributa, umeme unavujia kwenye unyevu. Ikianza baada ya nusu saa ya foleni injini ikiwa ya moto kabisa, ukizima ukaiacha ipoe inarudi nzima, hapo mtuhumiwa ni koili au igenaita, ile swichi ya elektroniki inayoiendesha koili. Ikimisi ukiwa na mzigo tu, mfano unapanda mlima Kitonga kule Iringa umejaza watu na mabegi, lakini barabara tambarare haina neno, ni moto dhaifu wa plagi au mafuta hayafiki ya kutosha. Ikimisi sailensi tu, yani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, na ukikanyaga inanyooka, fikiria hewa inayoingia kwa njia ya panya, au valvu. Ikimisi ukipita kwenye matuta au rasta, kuna waya unacheza mahali. Na ikianza siku moja baada ya vijana wa kuosha magari kuipiga injini presha ya maji ili ing'ae, basi ndugu yangu usihangaike, maji yameingia kwenye matundu ya plagi. Kwenye hizi injini plagi zimezama katikati ya kichwa kama visima, maji yakiingia mle hayana pa kutokea, yanakaa yanasubiri umeme.

Kwa nini mlimani inamisi na tambarare haimisi? Hii ukiielewa utaacha kubahatisha. Ukikanyaga mafuta silinda inajaza mchanganyiko mwingi zaidi, ukibanwa presha inakuwa kubwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka lile pengo la plagi ikiwa kwenye presha. Umeme nao ni mvivu, unatafuta njia rahisi. Kama mpira wa waya una ufa, au kuna mstari wa kaboni ndani ya kepu, kwa sailensi umeme unaona bado plagini ndo karibu, ila ukipanda mlima unaona kwenye ufa ndo rahisi, unapitia huko kwenda kwenye chuma cha injini, na silinda inakosa moto. Waya ni uleule, mzigo ndo umebadilika.

Kabla ya kuendelea hakikisha kwanza ni misi kweli. Mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini, ikifa gari inatetemeka sana ikiwa kwenye D umekanyaga breki, watu wanaita misi, wanauziwa plagi. Simama nyuma kwenye ekzosi gari ikiwa sailensi, sikiliza. Injini nzima inatoa mlio laini uliofungamana, yenye misi inatoa pu, pu, pu alafu inaruka moja. Chukua karatasi, shikilia kama sentimita tano kutoka kwenye bomba. Injini nzima inaisukuma karatasi nje muda wote. Ikiwa inaruka pigo kwa mpangilio uleule kila baada ya muda, kuna silinda moja yenye tatizo. Ikiwa inaruka ovyo haina mpangilio, tatizo linaweza kuwa la silinda zote, yani koili, mafuta, hewa. Na karatasi ikiwa inavutwa kurudi kwenye bomba mara kwa mara, mshukie valvu ya ekzosi, huko ni mbele.

Alafu soma kodi. Watu wanadhani gari ya zamani haina kompyuta, inayo, ila haiongei na mashine za kisasa. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko chake, ndani ya kifuniko kuna ramani ya majina. Tafuta TE1 na E1. Kata kawaya kafupi uunganishe hayo mawili, angalia vizuri usiingize kwingine, washa swichi bila kupiga stata, AC imezimwa, gia iko P au N, hujagusa pedeli ya mafuta. Taa ya chek injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika kompyuta haina malalamiko. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14, maana yake kompyuta haipati jibu kutoka kwa igenaita. 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distributa. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu, yani mvuto wa hewa kwenye injini, 41 ni sensa ya throto, lile lango la hewa linalofunguliwa na pedeli ya mafuta. Misi ya kuja na kuondoka mara nyingi haiachi kodi kabisa, hilo lisikukatishe tamaa, lakini ukiikuta 14 imelala pale umeokoa wiki nzima.

Wenye gari mpya kidogo zenye OBD2, ile soketi ya kuchomeka mashine ya kusoma kodi, nyie mnapata P0301 mpaka P0304, namba ya mwisho ndo silinda inayomisi, P0300 ni kwamba inarukaruka. Ukipata mfano P0302, hamisha koili ya namba mbili uipeleke namba tatu, futa kodi, endesha. Misi ikihama na koili, koili ndo mwizi. Ikibaki namba mbili, hamisha plagi vilevile. Hela sifuri.

Sisi wa distributa tunaitafuta silinda kwa mkono. Mafundi wengi wanachomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwaka wasikie ipi haibadilishi mlio. Mi siipendi hiyo njia, kwanza umeme ule ni maelfu ya volti na utakuja kurukia mkono wako, pili ukikosa pa kwenda unarudi kuipiga koili na igenaita, na vitu hivi vimeshazeeka, tatu petroli ambayo haikuungua inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, kama bado unayo. Chomoa soketi za nozeli badala yake. Injini ikiwa sailensi, bana kile kipini cha waya, vuta soketi ya nozeli namba moja, sikiliza. Injini ikishuka na kutetema zaidi, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, rudisha. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ambayo ukichomoa hakuna kilichobadilika ndo yenyewe. Namba moja ni ile ya upande wa taiming belti, unahesabu kwenda kwenye gia boksi. Shida ni kwamba lazima uifanye wakati inamisi, na ndo maana ya daftari. Yangu ilikuwa inamisi saa kumi na mbili asubuhi wakati wa masika, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nje na msuli wangu na tochi, majirani wanapita wanakwenda kazini wananipa pole. Ikawa namba tatu.

Ukishaijua silinda, zima gari, iache ipoe, chomoa waya wa plagi kwa kushika kichwa cha mpira, sio kuvuta waya wenyewe, unakatika kwa ndani. Mulika kwenye kisima. Mi nilimulika namba tatu nikaona jicho linaniangalia, oili imejaa inang'aa, tochi inajiona ndani yake. Kile kichwa cha mpira kilikuwa kimelowa mpaka kimevimba, ukikibonyeza ni laini kama andazi lililolowa chai. Hiyo oili inatoka juu, kwenye gasketi za tapeti kava zinazozunguka visima vya plagi, zikikauka zinapitisha. Sio ringi za pistoni, sio injini imekufa, usikubali mtu akwambie ovahoo, yani kufungua injini nzima. Ni gasketi. Ila ukibadilisha waya tu ukaacha gasketi, baada ya miezi michache na waya mpya umelowa, na ukibadilisha gasketi tu ukaacha ule mpira uliovimba, unabaki unamisi. Vyote viwili kwa pamoja. Kausha kisima kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi kabla ya kufungua plagi, la sivyo oili na mchanga vyote vinadondokea ndani ya silinda.

Plagi inatoka kwa soketi ya 16. Zipange mezani kwa namba zake, usizichanganye, maana zinaongea. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya kibatari, mafuta ni mengi au moto ni dhaifu. Imelowa petroli unainusa kabisa, moto haukufika. Imelowa oili upande wa ndani wa nyuzi, hapo sasa ndo uanze kufikiria ringi na sili za valvu. Nyeupe kama chokaa, mafuta ni kidogo au hewa ni nyingi. Alafu geuza uangalie ile sehemu nyeupe ya udongo juu, ukiona mstari mwembamba mweusi unashuka kama umechorwa kwa penseli, umeme ulikuwa unateremkia nje pale badala ya kwenda ndani, na ukiangalia ndani ya kichwa cha mpira utauona mstari mwenzake. Plagi yenye huo mstari itupe, hata ukiifuta utarudi.

Kuhusu plagi mpya, feki zipo nyingi mno mjini, zimeandikwa jina kubwa na boksi linafanana. Mi nilichojifunza, hata plagi nzuri pima pengo lake, plagi nyingi za injini hizi ni milimita 0.8, nyingine 1.1 kutegemea na namba yake, na zote nne zilingane. Seti yangu ya kwanza niliyonunua kwa haraka, moja ilikuwa na pengo ambalo ungepitisha shilingi. Kufunga, anza kwa mkono mpaka ikae, ikigoma mapema toa uanze upya kwa sababu kichwa ni aluminiamu, ukiharibu nyuzi umejiletea msiba. Ikishakaa ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya, basi. Hamna sababu ya kuning'inia.

Sasa majaribio yenyewe ya umeme, na hapa ndo utamu ulipo. Shemeji yangu ana saluni, kwa hiyo vifaa vyangu viwili vya maana vilitoka kwake, chupa ya kunyunyizia maji na draya. Chupa kwanza. Subiri usiku, paki sehemu yenye giza kabisa, washa gari, fungua boneti, zima tochi, subiri macho yazoee. Mara nyingine bila hata maji utaona. Ukiwa huoni kitu, nyunyiza ukungu mwembamba, ukungu nasema, sio kumwagia, kwenye waya mmoja mmoja kuanzia plagini mpaka kwenye distributa. Nilipofika kwenye waya wa namba tatu, pale unapogusana na kishikizo cha chuma, nikaona uzi wa bluu unaruka unajirudia na mlio wa tak tak tak, na injini papo hapo ikaanza kukohoa. Nilichofurahi siku ile hata harusini sijafurahi hivyo. Wiki sita nilikuwa natafuta kitu kilichokuwa kinawaka taa usiku. Ukifanya hii vaa viatu vikavu, mkono mmoja weka mfukoni, na kaa mbali na feni ya rejeta, hizi zinawaka zenyewe bila hodi.

Mchana unaweza kupima waya kwa testa. Weka kwenye om, yani kupima ukinzani wa umeme, gusa ncha na ncha, Toyota wanataka kila waya usizidi kilo-om 25. Waya mrefu una namba kubwa kuliko mfupi, kawaida. Muhimu ni kuukunja na kuutikisa huku unaangalia namba, ikirukaruka waya umekatika ndani. Lakini kumbuka testa haioni ufa wa mpira wa nje. Wangu wenye uzi wa bluu ulipima safi kabisa, kwa hiyo aliyekwambia "nimepima ziko sawa" hajakwambia chochote kuhusu unyevu. Na vile vishikizo vya plastiki vya kutenganisha waya ambavyo mafundi wanavitupa, virudishe. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, namba tatu na nne zinapokezana na ziko jirani, waya zao zikilala pamoja zimezeeka moja inaweza kumwambukiza mwenzake umeme.

Kepu ya distributa, fungua skrubu zake, igeuze kwenye mwanga wa jua. Tafuta mistari myeusi kati ya nguzo na nguzo, ufa kama unywele, ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya nguzo. Angalia na rota, ncha yake isiwe imeliwa. Ukikuta oili ndani ya distributa, sili ya shafti imechoka, na kubadili kepu tu bila hiyo ni kununua miezi michache. Ukitoa waya zote kwa pamoja bila kuweka alama utajuta, toa mmoja mmoja au piga picha.

Basi, nikafunga gasketi, waya mpya, gari ikatulia. Miezi minne. Alafu ikaanza tena, ila safari hii saa yake nyingine kabisa, mchana wa jua kali, foleni ya Ubungo, baada ya dakika arobaini, inamisi silinda zote alafu inazima, unasubiri robo saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Mwenye haraka angesema waya zilikuwa feki. Lakini saa imebadilika kwa hiyo ugonjwa umebadilika, nikasoma kodi, 14. Igenaita au koili au waya zake.

Ubaya wa koili na igenaita ni kwamba ukizipima zikiwa baridi zinakupa namba nzuri. Ndani kuna waya mwembamba na solda ambavyo vikipata moto vinatanuka na kuachana, vikipoa vinarudiana. Kwa hiyo unazipa moto mwenyewe. Injini ikiwa sailensi na ingali ya uvuguvugu, elekeza draya kwenye igenaita dakika tano kumi, sikiliza. Hamna kitu. Hamishia kwenye koili, kuna gari koili iko nje ina waya wake wa tano na kuna nyingine imefichwa humo humo ndani ya distributa, yangu iko nje nikashukuru Mungu. Dakika ya saba hivi ikaanza kukohoa, ya tisa ikazima. Nikaweka kitambaa cha maji baridi juu ya koili, injini imezimwa, nikasubiri kidogo, ikawaka. Nikarudia mara ya pili nisije nikawa najidanganya, matokeo yaleyale. Nikanunua koili moja tu, sikununua kingine chochote. Shemeji mpaka leo analalamika draya inanuka gereji.

Kama umeme wote umeupita uko safi, nenda kwenye hewa. Paipu za mpira za vakyumu za miaka ishirini na tano zinapasuka kwenye ncha, hasa ile nyembamba inayokwenda kwenye sensa ya vakyumu, 5A inategemea sensa hiyo kujua imimine mafuta kiasi gani, ikivuta hewa pembeni hesabu yote inaharibika. Chupa ileile ya maji, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, yani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na paipu injini ikiwa sailensi, mlio ukibadilika au ukisikia inafyonza umeipata. Wengine wanatumia spray ya kusafishia kabureta, inaonyesha vizuri zaidi lakini inawaka moto, na kama una waya unaorusha cheche kama wangu unajua kitakachofuata.

Mafuta sasa. Hapa niseme ukweli, wengi wetu tunatembelea taa. Taa ya mafuta inawaka Jumatatu, tunaweka ya elfu kumi, Jumanne inawaka tena. Pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli hiyohiyo, tenki likiwa karibu tupu inafanya kazi ya moto na inavuta uchafu wa chini, alafu ukikata kona inavuta hewa. Kama daftari lako linasema inamisi mafuta yakiwa chini tu, jaza nusu tenki kwanza uone kabla ya kununua chochote. Filta ya mafuta kama hukumbuki lini ilibadilishwa, jibu unalo. Presha unapima kwa geji, ukiwa umechomoa paipu ya vakyumu kwenye regyuleta inayorekebisha presha ya mafuta iwe kati ya psi 38 na 44, na geji iache ikae uendeshe nayo injini ipate moto, maana pampu mbovu inaanza vizuri inashuka baadaye. Kuhusu mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, waliweka vinasaba vya kutambua mafuta halali na hali ilipungua sana, lakini ikianza kumisi ndani ya kilomita chache tangu utoke sheli, jana na juzi ilikuwa nzima, hiyo nayo iandike.

Nozeli zinapimwa om kama 13 na nusu hadi 14 zikiwa baridi, zote zilingane. Weka bisibisi ndefu juu ya nozeli, mpini sikioni, utasikia tik tik tik, ile iliyo kimya soketi yake kwanza, nozeli baadaye. Na hapo hapo tikisa waya za soketi zote huku injini ikiwaka, plastiki zimekauka zinaachia, na athi, waya za kurudisha umeme kwenye bodi, zile zilizofungwa kwenye manifoldi na kichwa cha injini fungua, kwangua kutu, funga. Dakika kumi, spana namba 10. Wale wanaomisi kwenye matuta asilimia kubwa wataishia hapa.

Ukifika mpaka hapa bado, basi pima kompresheni, yani presha ya kubana ndani ya silinda, na hii fanya kwa mtu mwenye geji nzuri, plagi zote nne zikiwa nje, throto wazi kabisa, injini ya moto. 5A nzima inakaa karibu na psi 190, chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 14. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Valvu iliyobana inaleta ile misi ya sailensi ya injini ikishapata moto, na mara nyingi ni kuset klirensi, yani nafasi ya valvu, tu sio kufungua injini.

Chochote utakachokibadilisha, badili kimoja, alafu endesha. Chomoa fyuzi ya EFI kama nusu dakika kodi zifutike, rudisha. Na majaribio yafanye kwenye saa ileile ya ugonjwa. Kama ilikuwa inamisi asubuhi ya mvua, kuizungusha mtaani saa nane mchana jua likiwaka haikwambii kitu. Mi koili nilipoifunga nilienda kutafuta foleni kwa makusudi, saa kumi na moja jioni, Ubungo, AC inawaka, nimekaa zaidi ya saa nzima nasogea mita mbili mbili, mtu wa pembeni ananitazama nacheka peke yangu.